Andiko limerudishwa mara tatu, nianzie wapi?

Swali lenyewe, nimelifupisha: "Shikamoo kaka. Nipo kwenye shirika dogo huku Mbeya, tumepewa kazi ya kuandaa andiko kuhusu hali ya vyoo na maji kwenye shule za msingi za kata yetu, liende halmashauri kabla hawajafunga bajeti. Mimi ndo nimeambiwa niandike. Nimeandika kurasa 23, bosi karudisha mara tatu sasa, mara halieleweki, mara hizi namba umezitoa wapi. Mimi nimesomea maendeleo ya jamii, uandishi sijasomea popote. Kuna kozi unayoijua? Na je niandike Kiswahili au Kiingereza?"

Marahaba mdogo wangu, na pole kwanza maana najua andiko likirudishwa mara ya tatu mtu unaanza kujiona huna akili. Akili unayo. Nimelisoma lile faili ulilonitumia, nimelisoma lote mara mbili na chai pembeni, na nitakuambia nilichokiona bila kukupaka mafuta.

Kurasa sita za mwanzo unaongelea umuhimu wa maji duniani, ukatoka hapo ukaja Afrika, ukaja Tanzania, ukaja mkoa, ukaja wilaya, ndo kata inatokea ukurasa wa saba imechoka kama abiria wa basi la usiku. Hapo aliyepewa kusoma ameshaweka pembeni anaongea na simu. Usione aibu, ripoti yangu ya kwanza kabisa kazini ilianza na maneno "Maji ni uhai" na nilijiona nimeandika kitu kizito.

Kuhusu kozi nitasema mwishoni. Saa hivi tatizo lako liko nyuma zaidi, kabla hata hujafungua kompyuta. Ulianza kuandika wakati hujajua unauliza nini. Ulikuwa na mada, "hali ya vyoo na maji", na mada haina mwisho, unaweza kuandika kurasa 23 au 230 na bado usifike popote maana hakuna mahali ulisema unaenda. Swali ni kitu kingine. Swali ukilijibu linajulikana limejibiwa.

Jaribu hivi: Shule sita za kata yetu zinapungukiwa matundu mangapi ya vyoo, shule ipi ianze, na itahitajika shilingi ngapi mwaka wa fedha ujao? Ona hilo swali lilivyo na kazi ndani yake. Limekuambia kabisa utafute nini (idadi ya wanafunzi, idadi ya matundu, kiwango kinachotakiwa, bei) na limekuambia pia usitafute nini, yaani historia ya maji Afrika ulale nayo nyumbani. Nusu ya utafiti ni kujua cha kuacha. Liandike kwenye karatasi, libandike ukutani juu ya meza yako, na kila ukitaka kuingiza aya mpya inua macho uliangalie, kama aya haisaidii kulijibu basi itoke hata kama uliipenda.

Utaniambia na maji je, bosi kasema vyoo na maji. Sawa, maji yanaingia, lakini yanaingia kwa mlango wa choo: tundu lipo, maji ya kunawa yapo au hayapo, yanatoka wapi, mwezi gani yanakatika. Usiyafanye andiko la pili ndani ya andiko.

Halafu msomaji. Umeandika "kwa wadau wote wa maendeleo". Hakuna mtu anaitwa mdau wa maendeleo, hajawahi kuzaliwa. Kuna diwani, kuna afisa elimu, kuna mkurugenzi, kuna afisa mipango, na kila mmoja anataka kitu tofauti. Mimi ningekushauri umwandikie afisa mipango maana ndo anayekaa na majedwali ya bajeti, wengine wataelewa tu wakisoma alichoelewa yeye. Nenda kamuone, dakika kumi tu, muulize: mzee, andiko likija mezani kwako unatafuta nini kwanza? Nina uhakika atakwambia jina la shule, idadi, gharama, na wananchi wamechangia nini. Muulize pia mwisho wa kupokea ni tarehe ngapi. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Julai na Bunge la bajeti linakaa kuanzia Aprili, kwa hiyo huku chini mambo yanafungwa miezi mingi kabla, nimeshaona andiko zuri kabisa limefika halmashauri mwezi wa nne, limesifiwa, likawekwa kabatini.

Sasa tuje kwenye namba, na hapa nitakaa maana hapa ndo bosi wako ana haki kabisa.

Namba ni kama mtu mgeni kijijini, kabla hujampokea unamuuliza kwao wapi. Kila namba unayoiweka lazima uweze kusema nani alihesabu, alihesabu lini, alihesabu kitu gani hasa, na mipaka ya eneo alilohesabu ni ipi. Ukikosa hata kimoja, namba hiyo bado haijawa yako. Nunua daftari la kawaida la shule, au fungua Excel kama unaipenda, tengeneza safu: namba, inahusu nini, nani katoa, mwaka, ukurasa wa ngapi, na mimi niliipata lini. Kila ukiokota namba mahali popote iingie humo kwanza kabla haijaingia kwenye andiko. Inachosha, najua. Lakini siku bosi akiuliza umezitoa wapi unafungua daftari unamuonyesha kwa kidole, mazungumzo yameisha.

Nikupe mfano kutoka kwenye andiko lako mwenyewe, usikasirike. Ukurasa wa nne umeandika kwamba idadi ya watu mkoa wa Mbeya imepungua kwa watu 363,656 kati ya sensa ya 2012 na ya 2022 "kutokana na uhamaji wa vijana". Kutoa umetoa vizuri, sensa ya 2012 ilipata Mbeya watu 2,707,410 na ya 2022 ikapata 2,343,754, hesabu ya shule ya msingi iko sawa. Ila mwaka 2016 mkoa wa Songwe ulizaliwa, ukamegwa kutoka Mbeya hiyohiyo! Hao watu hawajahama, wamelala kwenye vitanda vyao Mbozi, Momba, Ileje, mpaka wa mkoa ndo umehama ukawapita. Chukua Songwe ya 2022, watu 1,344,687, jumlisha na Mbeya, unapata 3,688,441. Yaani eneo lilelile limeongezeka watu karibu milioni moja katika miaka kumi, na wewe ulikuwa unaenda kumwambia afisa mipango kwamba watu wanapungua. Angekuuliza sasa kama watu wanapungua vyoo vya nini? Ungejibu nini?

Na hiyo ya vijana kuhama uliitoa wapi? Nadhani uliitoa kichwani. Uliona namba imeshuka ukatafuta sababu inayofanana nayo. Tunafanya hivyo wote, akili ya binadamu haipendi namba ikae bila sababu, ndo maana nasema sababu nayo iwe na kwao kama namba. Kama hujaipata mahali, andika namba peke yake, iache bila sababu.

Mfano mwingine mkubwa zaidi, huu hauhusu vyoo ila utakufaa maisha yote. Ule utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto na malaria ambao Ofisi ya Taifa ya Takwimu huwa wanaufanya kila baada ya miaka kadhaa, wa 2010 ulisema vifo vya akinamama vitokanavyo na uzazi ni 454 kwa kila vizazi hai 100,000, wa 2015/16 ukasema 556. Mtu anayesoma haraka anaandika vifo vimepanda, anaweka na alama ya mshangao. Lakini ukifungua ripoti yenyewe, siyo habari iliyoandikwa kuhusu ripoti, unakuta pembeni ya 556 wameandika kwamba namba halisi inaweza kuwa popote kati ya 446 na 666, na ile ya 454 inaweza kuwa popote kati ya 353 na 556. Yaani hizo mbili zinaingiliana katikati, huwezi kusema kwa uhakika zimepanda, na ripoti yenyewe haisemi zimepanda. Ni sampuli, hawakuhoji kila kaya nchini. Mwaka 2022 utafiti huohuo ukatoa 104, na hapo ndo watu wakaona kushuka kweli. Funzo langu kwako dogo tu: namba inayotoka kwenye sampuli ina mkia mbele na nyuma, tafuta huo mkia kabla hujailinganisha na mwenzake. Na soma ripoti mama. Gazeti, kipeperushi, slaidi za semina, hao wote ni wajukuu, wanakuelekeza kwa bibi lakini wao siyo bibi.

Sasa vyoo. Hapa kuna raha maana namba zako nyingi unaweza kuzihesabu mwenyewe kwa miguu, shule sita tu, siku tatu unamaliza.

Kwanza kiwango. Tanzania kiwango kinachotumika shuleni ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Hiyo ndo rula yako. Kwa hiyo shule (hii naibuni) yenye wasichana 310 na wavulana 295 inahitaji matundu 16 ya wasichana na 12 ya wavulana, unakwenda juu kwenye namba nzima maana huwezi kujenga nusu tundu. Kama wana 5 na 4, wamepungukiwa 11 na 8. Andika hivyohivyo. Usiandike "kuna upungufu mkubwa wa vyoo". Mkubwa kwa nani? Mwenzako wa kata ya pili naye kaandika mkubwa. Andika wasichana 62 wanatumia tundu moja, msomaji mwenyewe ataona ukubwa, hata shule aliyosoma yeye ataikumbuka.

Pili, na hapa wengi wanaanguka, neno lenyewe. Kwenye andiko lako ukurasa mmoja unasema "vyoo 4", mwingine "matundu 4", mwingine "majengo ya vyoo 4" na nikashindwa kujua ni vitu vilevile au ni vitu vitatu. Kwa Kiswahili chetu choo kinaweza kuwa jengo zima lenye matundu manane na kinaweza kuwa tundu moja, wote wako sahihi mtaani. Kwenye andiko chagua moja. Sema mapema kabisa: kwenye andiko hili tumehesabu matundu, na tundu tumelihesabu kama linatumika siku tuliyofika. Halafu usibadilishe hadi mwisho, hata kama sikio lako linataka ladha. Kule shule mwalimu alikufundisha kurudia neno ni vibaya, ilikuwa insha ile, hii siyo insha.

Na "linatumika" maana yake nini? Hilo nililipia ada mwenyewe. Miaka ile naanza kazi niliandika ripoti ya visima vya kata fulani, sitaitaja, nikachukua orodha ofisini imeandikwa visima 14, nikaandika 14, nikapiga hesabu ya watu kwa kila kisima, nikaweka chati ya rangi. Siku ya kuwasilisha akasimama mama mmoja mjumbe wa kamati ya maji akaniuliza, mwanangu, hicho cha kwetu umekihesabu? Nikasema ndiyo mama. Akasema kile ng'ombe alitumbukia mwaka juzi tukakifukia. Ukumbi ukacheka mpaka mwenyekiti akagonga meza. Tulivyoenda kuvihesabu kwa miguu vilivyokuwa vinatoa maji ni tisa. Orodha haikudanganya, ilikuwa sahihi siku ilipoandikwa, ila mimi sikuuliza iliandikwa lini.

Kwa hiyo ukifika shuleni usimalizie ofisini kwa mwalimu mkuu. Chukua takwimu zake, ni muhimu na ndo rasmi, halafu omba uzunguke. Hesabu lenye mlango na lisilo na mlango, lililojaa, lililofungwa kufuli, la walimu (hilo halihesabiki kwa wanafunzi hata kama limeandikwa kwenye jumla), lenye nafasi kwa mtoto mwenye ulemavu. Kaa mpaka mapumziko uone foleni. Ongea na mwalimu wa malezi wa wasichana, atakwambia mambo ambayo hayapo kwenye fomu yoyote, mfano wasichana wanaenda nyumbani saa nne siku za hedhi kwa sababu hakuna maji wala pa kujisitiri. Barua ya utambulisho chukua kwa mtendaji wa kata kabla hujaanza, usije ukafukuzwa kama mtu wa kampeni. Piga picha za majengo, watoto usiwapige sura.

Utakuta namba hazifanani. Fomu inasema 9, wewe umehesabu 6. Usichague inayokupendeza, na usifanye wastani, nimeshawahi kuona mtu kaweka saba na nusu! Andika zote mbili: kumbukumbu za shule zinaonyesha matundu 9, siku tuliyotembelea tarehe fulani 6 ndo yalikuwa yanatumika, mawili yamejaa na moja limeanguka ukuta. Sentensi kama hiyo moja inaongeza imani kuliko kurasa kumi za utangulizi, maana msomaji anaona huyu mtu alifika.

Gharama kamuone mhandisi wa halmashauri, muombe makadirio ya karibuni ya matundu yaliyojengwa kwa fosi akaunti (yaani bila mkandarasi, shule au halmashauri inanunua vifaa na kutafuta mafundi yenyewe) kwenye wilaya yenu, na uandike ni ya mwaka gani. Usitumie bei ya mtandaoni. Saruji ya Dar na saruji iliyopandishwa mlima kufika kwenu siyo saruji moja.

Haya, namba unazo, sasa kuandika. Usifungue lile faili la kurasa 23. Najua linakuuma ila liache huko. Chukua simu, mtumie rafiki yako ambaye hayupo kwenye hizi kazi ujumbe wa sauti wa WhatsApp, dakika mbili, mwambie umegundua nini kwenye hizo shule na unataka halmashauri wafanye nini. Halafu jisikilize mwenyewe uandike ulichosema. Utashangaa. Kwenye sauti hutasema "katika jitihada za kuhakikisha kwamba", utasema "shule tatu kati ya sita ziko kwenye hali mbaya, hii moja ndo mbaya kuliko zote watoto wanaenda porini, tukipata hela za matundu 19 tu tunaanza na hapa". Huo ndo ukurasa wako wa kwanza, umemaliza! Usafishe kidogo, ongeza namba, basi.

Jibu linakaa mwanzo. Hii kwetu ni ngumu kidogo kwa sababu ya adabu, mtu hufiki ukweni ukaanza na shida, kwanza salamu, kwanza mvua za huko zikoje, halafu ndo unakohoa kidogo. Kwenye andiko adabu ni kinyume, adabu ni kutompotezea mtu muda. Shukrani kwa mkurugenzi na ofisi yake weka mwisho.

Lugha sasa. Andiko lako lina ugonjwa wa Kiswahili cha semina. Nimechukua sentensi moja: "Ilibainika kwamba kumekuwepo na changamoto mbalimbali katika suala zima la upatikanaji wa huduma ya maji safi na salama ambapo wanafunzi wamekuwa wakikabiliwa na adha hiyo." Maneno zaidi ya ishirini. Nani alibaini? Changamoto zipi? Suala zima, kuna suala nusu? Ukilikamua linabaki: "Shule nne hazina bomba. Wanafunzi wanabeba maji ya kunawa kutoka nyumbani." Fupi, na imebeba zaidi kuliko ile ndefu.

Pita andiko lote utafute maneno haya: changamoto, mchakato, suala zima la, kwa namna moja au nyingine, mbalimbali, ambapo. Kila ukilikuta simama jiulize nilitaka kusema nini hasa, mara nyingi utakuta ulikuwa hujui bado na neno limekuja kuziba tundu (samahani kwa mfano). "Ambapo" ina shida yake zaidi, watu wanaitumia kama gundi ya kuunganisha sentensi mbili zisizojuana. Na zile "ilionekana", "zilitumika", "iliamuliwa" zinaficha mtu. Fedha zilitumika, nani alitumia? Kama unamjua mtaje kwa cheo, kamati ya shule, mtendaji, fundi. Kama humjui basi hilo ni swali umeligundua, rudi ukaulize.

Kingine kidogo ila kimeshaleta balaa: saa. Umeandika maji yanatoka "kuanzia saa 2 hadi saa 4". Ya kwetu au ya kompyuta? Andika saa 2 asubuhi hadi saa 4 asubuhi. Na sentensi zikiwa ndefu sana ngeli zinapotea njiani, unaanza na matundu unamalizia na "vilivyojengwa", hiyo ni dalili kwamba sentensi inaomba nukta.

Mpangilio, vichwa, fonti, sitasema sana. Namba za kurasa ziwepo, jedwali moja la shule zote sita liwepo, chati za rangi hapana maana watatoa fotokopi nyeusi na rangi zote zitakuwa kijivu.

Ukimaliza lilaze siku mbili. Siku ya tatu lisome kwa sauti kabisa, siyo kuchezesha midomo tu, kila mahali ulimi unapojikwaa pana kasoro. Halafu mpe mtu asiyehusika, fundi, mama yako, mwalimu jirani, asome ukurasa wa kwanza tu kisha afunge, umuulize unadhani nataka nini. Usimuulize "umeelewa?", atasema ndiyo kwa heshima. Akikujibu tofauti na ulichokusudia usimueleweshe, rudi uandike upya, kwa sababu afisa mipango hutakuwepo mezani kwake umueleweshe. Na mtu mwingine kabisa apige hesabu zako zote upya kwa kikokotoo, macho yako yameshazoea makosa yako.

Naona pia mtindo wa aya zako mbili ukurasa wa 11 umebadilika ghafla, laini laini, nahisi umesaidiwa na hizi programu za akili mnemba. Sina ugomvi nazo, mimi mwenyewe nazitumia kutafuta sentensi zilizo ndefu. Ila zinatunga vyanzo, zinakupa jina la ripoti na mwaka na ukurasa, ukienda kutafuta ripoti haipo duniani. Lile "zaidi ya asilimia 60 ya shule" limetoka huko? Maana nimelitafuta sijaliona. Kama huwezi kufungua ukurasa wenyewe ukaiona namba kwa macho yako, ifute. Programu haijawahi kufika kwenye kata yenu.

Kozi sasa. Zipo, za bure mtandaoni na za kulipia, ukipata nafasi soma hazidhuru. Lakini kama una laki mbili za kozi na laki mbili za nauli ya kuzunguka shule sita na kuchapisha, nenda shule. Uandishi wa aina hii watu wengi tumejifunza kwa kurudishiwa, na wewe una bosi anayesoma mpaka mwisho na kuuliza namba zimetoka wapi, wengine wanasaini tu. Kitu kingine cha bure: ripoti za CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, zinatoka kila mwaka na zipo za Kiswahili, chukua moja soma kurasa chache tu uone jinsi kila hoja inavyokaa, nini kilitakiwa, nini kimekutwa, athari ni nini, wafanye nini. Usiige lugha yake, ni nzito, iga mifupa. Kwako inakuwa: kinachotakiwa 16, kilichopo 5, wasichana wanakosa masomo, jengeni 11 kwa kuanza na shule hii.

Kiswahili au Kiingereza. Kiswahili, bila kufikiria mara mbili. Baraza la madiwani linajadili kwa Kiswahili, kamati ya maendeleo ya kata inajadili kwa Kiswahili, na walimu wakuu uliowahoji wanatakiwa waweze kulisoma waseme hapa umekosea. Kama baadaye mfadhili atataka Kiingereza utaliandika upya kwa ajili yake, na utaona ni rahisi kwa sababu utakuwa unajua unachosema. Ukianza na Kiingereza ndo unapata zile sentensi za semina, maana nyingi ni Kiingereza kilichovaa kanzu.

Nitumie ukurasa mmoja, mmoja tu, ukisharudi kutoka kwenye hizo shule. Pamoja na daftari, lipige picha kurasa zake. Nitaanza kusoma daftari.